Kelele ya Kipimo katika Picha za Tezi Dume: Namna ya Kuitambua na Kuisahihisha

Kina cha maji katika visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kimepimwa kwa miongo mingi. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha uchambuzi wa rekodi ya miaka 55 ya visima hivyo. Uchambuzi ulionesha kwamba maji ya ardhini ya uwanda huu mkavu hayaongezeki kidogo kidogo kila msimu, bali hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ule wa 1997/98. Hitimisho la namna hiyo hutegemea jambo moja la msingi: kutofautisha kupanda kwa kweli kwa maji na mtikisiko wa kipimo chenyewe.

Sharti hilohilo limo katika chumba cha MRI. Mwanaume anayechunguzwa saratani ya tezi dume hupimwa mwendo wa maji ndani ya tezi yake, na namba inayopatikana huweza kuamua kama atachomwa sindano ya kuchukua kinyama au ataachwa apumzike. Namba hiyo ikiwa imechanganyika na kelele ya mashine, uamuzi nao huyumba.

Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya ataweza kueleza kelele ya kipimo ni nini, kwa nini hupunguza thamani ya mtawanyiko wa maji, na hatua za kuisahihisha. Mgonjwa na ndugu zake wataelewa kwa nini daktari huweza kuagiza kipimo kirudiwe, na ni maswali gani wana haki ya kuuliza.

Maji ndani ya tezi dume

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya puru, na huzunguka mwanzo wa mrija wa mkojo. Sehemu yake ya pembeni, ambako saratani nyingi za tezi hii huanzia, imejaa vijifereji vyenye majimaji. Katika tezi yenye afya, molekuli za maji huzurura humo kwa nafasi. Saratani inapoota, seli husongamana, vijifereji huzibwa, na maji hukosa njia.

Mkulima wa Makutupora anaijua tofauti hiyo kwa macho. Maji yakimwagwa kwenye mchanga wa korongo huzama na kuenea mara moja. Yakimwagwa kwenye udongo mzito wa mbuga hukaa palepale. Tezi yenye afya ni kama mchanga, na uvimbe wa saratani ni kama udongo wa mbuga.

Mashine ya MRI hupima tofauti hiyo kwa mbinu iliyoelezwa na Stejskal na Tanner mwaka 1965. Mipigo miwili ya nguvu ya sumaku hutolewa, mmoja baada ya mwingine. Molekuli iliyotulia hufutiwa na mpigo wa pili athari ya mpigo wa kwanza, hivyo ishara yake hubaki. Molekuli iliyohama kati ya mipigo hiyo hupoteza ishara. Kadiri maji yanavyotembea, ndivyo picha inavyofifia. Ukali wa mipigo huitwa thamani ya b: b ya 0 maana yake hakuna mipigo ya mtawanyiko, na b ya 1000 au 2000 ni mipigo mikali.

Kutokana na picha mbili zenye b tofauti, kompyuta hukokotoa namba iitwayo ADC, yaani kiwango cha mtawanyiko wa maji kama kinavyoonekana kwa mashine. Njia yake ni fupi: ishara ya b 0 hugawanywa kwa ishara ya b kubwa, hutafutwa logariti asilia ya jibu, kisha hugawanywa kwa b. Katika somo hili, ADC ya 1.6 maana yake ni milimita za mraba 0.0016 kwa sekunde. ADC kubwa huashiria maji yanayotembea kwa uhuru; ADC ndogo huashiria msongamano, na msongamano huamsha shaka ya saratani.

Kelele ni nini?

Kelele inayozungumzwa hapa si mgongo ule mkubwa ambao mgonjwa husikia akiwa ndani ya mashine. Ni mtikisiko mdogo wa umeme usio na mpangilio, unaotokana na joto la mwili wa mgonjwa mwenyewe na vifaa vya kupokea ishara. Hauwezi kuondolewa kabisa. Ukubwa wake huitwa sigma, yaani kiasi cha kawaida ambacho kila usomaji hupotoka juu au chini ya ukweli.

Kwa kawaida mtikisiko wa namna hii hauleti hofu kubwa, kwa sababu kupotoka juu hufidiwa na kupotoka chini. Vipimo vikirudiwa mara nyingi, wastani huukaribia ukweli. Hatari ya MRI iko kwenye hatua inayofuata.

Chukulia mpimaji wa kisima ambaye ameagizwa aandike mabadiliko ya kina cha maji. Maji hayajabadilika, ila uso wake unatikiswa na pampu: leo kipimo kinasoma sentimita 2 juu, kesho sentimita 2 chini. Mpimaji makini angeandika jumlisha 2 na toa 2, na wastani wake ungekuwa sifuri. Lakini akiandika ukubwa tu, bila kusema juu au chini, daftari litasema 2 na 2, na wastani utakuwa 2. Hata akipima mara elfu, daftari halitafika sifuri. Kosa hili haliondolewi kwa kurudia. Limo katika namna ya kuandika.

Picha ya kawaida ya MRI huandikwa hivyohivyo. Ishara ghafi ina sehemu mbili, na kila moja huweza kuwa chanya au hasi. Mashine huchukua mraba wa kila sehemu, huijumlisha miraba hiyo, kisha hutafuta kipeuo cha pili. Kinachobaki ni ukubwa bila alama, na ukubwa hauwi hasi. Kwa hiyo mahali pasipo na ishara yoyote, kama hewa iliyo nje ya mwili, picha haisomi sifuri. Kwa pokezi moja, husoma wastani wa takriban mara 1.25 ya sigma. Kiwango hicho ndicho sakafu ya kelele.

Henkelman alionya kuhusu upotoshaji huu mwaka 1985. Mwaka 1995 Gudbjartsson na Patz walieleza kwamba usomaji wa picha za MRI hufuata mgawanyo wa Rice, uliopewa jina la Stephen Rice, mhandisi wa Marekani aliyechunguza kelele katika mawasiliano ya simu miaka ya 1940. Ishara ikiwa kubwa, walau mara tatu ya sigma, upotoshaji ni mdogo. Ikishuka chini ya hapo, sakafu huanza kuibeba juu.

Hesabu ya mfano

Chukulia ishara ya b 0 ni 100 na sigma ni 5. Kwa kelele ya aina hii, wastani wa miraba ya usomaji ni sawa na mraba wa ishara ya kweli ukijumlisha mara mbili ya mraba wa sigma. Mara mbili ya mraba wa 5 ni 50, hivyo kila mraba huongezewa 50. Nyongeza hiyo kwa ishara ya b 0 ni ndogo mno, na inaweza kuachwa.

Kwanza, sehemu yenye afya. Kwa b ya 2000, ishara yake ya kweli ni 4, na ADC ya kweli ni 1.61. Mraba wa 4 ni 16; ukiongeza 50 unapata 66, ambayo kipeuo chake cha pili ni 8.1. Mashine imesoma zaidi ya maradufu ya ukweli. ADC inayokokotolewa ni 1.26.

Pili, uvimbe wa saratani. Kwa b ileile, ishara yake ya kweli ni 20, na ADC ya kweli ni 0.80. Mraba wa 20 ni 400. Ukiongeza 50 unapata 450, na kipeuo chake ni 21.2. ADC inayokokotolewa ni 0.78.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa mara mbili. Uvimbe haujaguswa sana, lakini sehemu yenye afya imeshushwa kwa zaidi ya tano moja. Tofauti kati ya afya na ugonjwa, iliyokuwa 0.81, imebaki 0.48. Kelele imeisogeza tezi nzima kuelekea sura ya saratani.

Hesabu hiyo ikirudiwa kwa b ya 1000, ishara ya sehemu yenye afya ni 20 na inasomwa 21.2, ADC inakuwa 1.55 badala ya 1.61. Kosa limepungua sana, kwa sababu ishara bado iko juu ya sakafu. Hii ni mojawapo ya sababu za mwongozo wa kimataifa wa PI-RADS, toleo la 2.1 la mwaka 2019, kuelekeza kwamba ADC ikokotolewe kwa b isiyozidi 1000, na picha ya b kubwa, walau 1400, itumike kutazamwa kwa macho tu.

Uzito wa kosa kwa mgonjwa

Kosa hili huumiza kwa njia mbili. Katika ramani ya ADC, sehemu yenye afya huonekana ya kutiliwa shaka, na mgonjwa huenda akachomwa sindano isiyohitajika, yenye hatari ya kutoka damu na kupata maambukizi. Katika picha ya b kubwa, sehemu yenye afya ambayo ingepaswa kuwa nyeusi hung'aa kwa sababu ya sakafu, na uvimbe mdogo hujificha katika mwanga huo.

Faida ya kipimo kizuri inajulikana. Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017 na kuhusisha wanaume 576, ulionesha kwamba MRI ikitangulia, takriban asilimia 27 wangeweza kuepuka sindano ya awali. Faida hiyo hutegemea picha zenye ubora. Mashine iliyopo bila ubora wa kipimo ni kisima chenye daftari bovu.

Upotoshaji huonekana wazi zaidi kwa mgonjwa anayefuatiliwa kwa miaka. Chukulia mzee wa Makutupora mwenye saratani ndogo isiyo kali, ambaye madaktari wameamua kumfuatilia badala ya kumfanyia upasuaji. Mwaka wa kwanza ADC ya uvimbe wake ni 1.05. Mwaka wa pili anapimwa kwenye mashine nyingine, iliyotumia b ya 2000 katika hesabu, na sigma yake ni 8. ADC inasomwa 0.90. Ripoti inasema uvimbe umesongamana zaidi. Hesabu ya hapo juu inaonesha kwamba uvimbe uleule, usiobadilika hata kidogo, ungetoa namba hizo mbili. Kilichobadilika ni kipimo.

Hata pale mashine ni moja, tahadhari inahitajika. Kikosi cha wataalamu cha QIBA, cha Chama cha Radiolojia cha Amerika ya Kaskazini, kilieleza mwaka 2019 kwamba badiliko la ADC ya tezi dume katika kidonda kimoja lisilofikia asilimia 47 haliwezi kutajwa kwa uhakika kuwa badiliko la kweli. Kutoka 1.05 hadi 0.90 ni asilimia 14 tu.

Umbo la mwili nalo lina nafasi yake. Tezi dume iko katikati ya nyonga, mbali na vipokezi vinavyolazwa juu ya ngozi. Kwa mwanaume mnene umbali huongezeka na ishara hupungua. Wanaume wawili wenye tezi zinazofanana huweza kupewa ADC tofauti kwa sababu ya unene pekee.

Hatua za kusahihisha

Kwanza, kuzuia kabla ya kutibu. Mteknolojia wa radiolojia ahakikishe vipokezi vimelazwa sawasawa juu ya nyonga, muda wa mwangwi ni mfupi kadiri mashine inavyoruhusu, na vipande vya picha si vyembamba kupita kiasi. Kurudia vipimo husaidia kwa kipeuo cha pili cha idadi: vipimo vinne hupunguza kelele kwa nusu, na kumi na sita huipunguza hadi robo. Lakini wastani wa picha zilizokwisha kupoteza alama hautoi sakafu, kama ilivyoonekana kwa daftari la kisima. Pale programu inaporuhusu, wastani ufanywe kwa ishara ghafi yenye sehemu zake mbili, baada ya kulinganisha awamu zake.

Pili, kupima sigma yenyewe. Njia ya zamani ni kusoma hewa iliyo kwenye kona ya picha na kugawanya wastani wake kwa 1.25. Njia hiyo hudanganya katika mashine za kisasa zenye vipokezi vingi, kwa sababu kelele ya katikati ya mwili hailingani na ya pembeni. Njia bora ni kupiga picha mbili zinazofanana, kutoa moja kutoka kwa nyingine mahali penye ishara kubwa, na kupima mtikisiko wa tofauti hiyo. Mtikisiko huo ukigawanywa kwa 1.41 hutoa sigma ya mahali hapo.

Tatu, kutoa nyongeza ya kelele. Miller na Joseph walipendekeza mwaka 1993 kufanya kazi kwa miraba ya picha. Miraba ya vipimo vilivyorudiwa hutafutiwa wastani, hutolewa mara mbili ya mraba wa sigma, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Katika mfano, 66 toa 50 ni 16, na kipeuo chake ni 4: ukweli umerudi. Jibu likiwa hasi, lisilazimishwe kuwa namba. Mahali hapo paandikwe kuwa hapapimiki. Kwa mashine zinazounganisha vipokezi vingi kwa kujumlisha miraba yake, nyongeza huwa kubwa zaidi, na mwanafizikia tiba ashirikishwe.

Nne, kuacha usomaji usioaminika. Ishara iliyo chini ya mara tatu ya sigma isiingizwe katika hesabu ya ADC. Picha ya b kubwa inaweza kukokotolewa kutokana na b ndogo badala ya kupigwa, na hivyo kuikwepa sakafu.

Tano, kuandika. Ripoti itaje thamani za b zilizotumika katika hesabu, idadi ya marudio, na mashine. Namba ya ADC bila maelezo hayo haiwezi kulinganishwa na ya mwaka ujao.

Mbinu za kisasa za kompyuta za kusafisha kelele zinasaidia, lakini zitumike mwanzoni kabisa, kabla picha haijalainishwa au kunyooshwa. Picha laini haimaanishi picha ya kweli: sakafu inaweza kulainishwa na kubaki palepale.

Kipimo cha maji ya barafu

Kuna jaribio ambalo hospitali yoyote yenye MRI inaweza kulifanya kwa gharama ndogo. Chupa ya maji safi huzamishwa katika chombo kilichojaa barafu na maji, huachwa hadi ifikie nyuzi 0 za Selsiasi, kisha hupigwa picha kwa b mbalimbali. ADC ya maji katika joto hilo inajulikana: ni 1.1. Kazi ya barafu ni kulishikilia joto palepale, hata chumba kikiwa na joto la Oktoba la Dodoma.

Jaribio hili lina faida ya pekee. Katika tezi dume, ADC hushuka b inapopanda kwa sababu mbili zinazochanganyika: kelele, na kuta za seli zinazozuia mwendo wa maji. Katika maji matupu hakuna kuta. ADC yake lazima iwe 1.1 kwa b ya 500, ya 1000 na ya 2000. Ikianza kushuka kwa b kubwa, kelele ndiyo mshukiwa wa kwanza. Jaribio lifanywe kwa ratiba, na matokeo yahifadhiwe kwenye daftari moja, kwani thamani yake iko katika mfululizo wa miaka.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Mgonjwa hawezi kuondoa kelele ya umeme, lakini anaweza kusaidia picha iwe nzuri. Atulie wakati wa kipimo, na afuate maelekezo ya kwenda haja kabla, kwa sababu hewa iliyo kwenye puru hupinda picha. Aeleze mapema kama ana chuma chochote mwilini. Anaposafiri kutoka Makutupora kwenda mjini kwa kipimo cha pili, abebe picha na ripoti za kipimo cha kwanza.

Anayo haki ya kuuliza: "Daktari, kipimo hiki kimefanywa kwa njia ileile ya mwaka jana? Badiliko hili ni kubwa kuliko kosa la kawaida la kipimo?" Maswali hayo si ukosefu wa heshima. Na daktari akisema kipimo kirudiwe, si lazima awe ameficha habari mbaya; huenda anataka kuwa na hakika.

Jambo moja lisisahaulike. Somo hili halisemi kwamba ADC ndogo ipuuzwe. Daktari huisoma pamoja na picha nyingine za MRI, kiwango cha PSA katika damu, uchunguzi wa kidole na historia ya familia. Shaka inapobaki baada ya kelele kusahihishwa, kinyama kichukuliwe bila kuchelewa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kurudia vipimo mara nyingi peke yake hakuondoi sakafu ya kelele? Kwa sababu picha imekwisha kupoteza alama ya juu na chini. Wastani wa ukubwa mtupu haufiki sifuri.

2. Usomaji uliorudiwa una wastani wa miraba wa 89, na sigma ni 2. Ishara ya kweli ni ngapi? Mara mbili ya mraba wa 2 ni 8. 89 toa 8 ni 81. Ishara ni 9.

3. ADC ya maji ya barafu imesomwa 1.1 kwa b ya 1000, na 0.9 kwa b ya 2000. Ifanyike nini? Ramani za ADC za wagonjwa zisikokotolewe kwa b ya 2000 kwenye mashine hiyo hadi sigma ipimwe na chanzo kijulikane.